Jibu: Hisa za bei ya chini USE (Soko la Hisa la Uganda), niingie au niachane nazo?

Ndugu, umeuliza kama milioni 5 zako uziweke kwenye hisa za kampuni ndogo za hapa kwetu kwa sababu umeona bei sokoni iko chini ya thamani ya mali zilizo kwenye vitabu vya hesabu vya kampuni. Ngoja nijibu kwa kirefu, hizo hisa nimekaa nazo miaka na bado ninazo.

Hisa rahisi Kampala utazipata hata kesho asubuhi, kazi iko kwenye kuziuza. Chukua Uganda Clays, watengenezaji wa matofali na vigae, ndio kampuni ya kwanza hisa zake kuorodheshwa USE mwaka 2000, viwanda vyake viko Kajjansi na Kamonkoli. Ina hisa milioni 900, kwa hiyo kila bilioni 1 ya faida ni kama shilingi 1 na senti 11 kwa hisa, hiyo hesabu ifanye mwenyewe kila ripoti ikitoka usingoje mtu wa WhatsApp akufanyie. Sasa hisa ikiwa inatembea kwenye shilingi 10 hivi, mnunuzi anataka 9 na muuzaji anataka 11, ukinunua kwa 11 ukalazimika kuuza kesho kwa 9 umeshapoteza karibu asilimia 18 na kampuni haijafanya kosa lolote, na hapo bado komisheni ya broka, yaani wakala anayekununulia na kukuuzia hisa, unalipa ukiingia na unalipa ukitoka. Ni kama kiwanja cha kijijini tu, bei unayo kichwani ila mpaka mnunuzi atokee.

Ndio maana mimi mambo ya thamani ya vitabu siyapi uzito sana. Ardhi ya Kajjansi pale barabara ya Entebbe ni mali kweli, lakini nani ataiuza akugawie wewe mwenye hisa elfu hamsini? Mwenye sauti ni mwenye hisa nyingi. New Vision, kampuni ya magazeti, kwa mfano zaidi ya nusu ni ya serikali, hakuna tajiri atakayekuja kuinunua yote kwa bei nzuri halafu wewe ukafaidi.

Kwa hiyo swali langu huwa ni moja, pesa itanifikiaje nikiwa sijauza? Gawio, yaani sehemu ya faida ambayo kampuni inawagawia wenye hisa. Na gawio ulipime na bondi za serikali, yaani unaikopesha serikali ikulipe riba, maana hapo ndipo wengi wanajidanganya. Bondi ya miaka 10 imekuwa ikitoa zaidi ya asilimia 15, kodi yake asilimia 10, na unaanza na laki moja tu. Hisa ya shilingi 10 ikikupa gawio la shilingi 1, ukikatwa kodi asilimia 10 unabaki na senti 90, yaani asilimia 9. Hiyo tofauti lazima faida ya kampuni ikue ndio ifidie, kama haikui basi hiyo hisa sio rahisi, ni ghali.

Halafu uliza kwanini iko chini. Quality Chemical, kiwanda cha dawa, hisa yake iliuzwa shilingi 256.5 mwaka 2018, bei ikaanguka hadi chini ya 100, na sababu moja ilikuwa deni la dawa ambalo serikali ya Zambia ilichelewa kulipa. Hiyo ni shida inayoweza kuisha, kiwanda kipo na dawa zinahitajika. Umeme, ile kampuni iliyokuwa inasambaza umeme nchini, ni habari nyingine kabisa, watu walikuwa wanasifia gawio lake nono huku mkataba wake na serikali una tarehe ya mwisho, 31 Machi 2025, ulipoisha serikali ikalipa dola milioni 118 kufidia uwekezaji wake na kampuni ikasema inadai zaidi, mambo yakaenda kwa wasuluhishi London. Gawio nono pale kwa sehemu ilikuwa ni mtaji wako mwenyewe unarudishiwa.

Mimi ningeweka milioni 3 na nusu kwenye bondi, iliyobaki kampuni mbili basi, na ninunue kidogo kidogo kwa bei ninayotaka mimi, sio ya muuzaji. Mwambie broka akuonyeshe foleni ya wanaonunua na wanaouza kabla hujaweka oda, akikataa tafuta mwingine. Na hela ya skuli fizi usiiguse kabisa, muhula hausubiri mnunuzi. Ukishachagua kampuni weka hapa faida na deni lake la benki kutoka ripoti ya mwaka tupige hesabu pamoja.