Panga la sponji, damu ya sukari: vifaa vya filamu ya mapigano kwa bajeti ndogo

Panga moja linaloonekana kwenye filamu huwa ni mapanga matatu. La kwanza ni la chuma, limeondolewa makali kwa grainda, na kazi yake ni shoti ya karibu tu: linachomolewa, linawekwa mezani, basi. Mtu hasimami mbele yake. La pili ni la mbao, la kukimbia nalo. La tatu ni la sponji, na hilo ndilo linalogusa mwili. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, pitia muswada sini kwa sini uandike kila kifaa: kamera itakuwa umbali gani, kinamgusa nani, kitaharibika mara ngapi. Kioo kitakachovunjwa kinahitaji nakala nne au tano, maana teki ya kwanza mara nyingi haifai.

Panga la sponji linastahili muda wako kuliko kitu kingine chochote. Tafuta mkeka wa mazoezi wa sponji ngumu, unene wa milimita 10. Uti wa ndani unatokana na bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, la milimita 20: litumbukize kwenye maji yanayochemka mpaka lilegee, kisha libane kati ya mbao mbili hadi lipoe likiwa bapa. Usitumie mwanzi, ukivunjika unaacha ncha za kuchoma. Kata vipande viwili vya sponji vyenye umbo la panga kwa wembe mpya (wembe butu unararua ukingo), chimba mfereji wa uti katika kila kimoja, na hakikisha uti unaishia sentimita 5 kabla ya ncha. Ncha ndiyo inayopiga watu usoni, lazima ibaki laini tupu.

Kwenye kubandika, haraka ndiyo inayoharibu. Gundi ya viatu hupakwa pande zote mbili, husubiriwa kama dakika 10 mpaka isinate kidoleni, ndipo vipande vinakutanishwa. Ukibandika ikiwa mbichi, panga litaachana katikati ya pigano. Kisha pitisha hewa ya moto juu ya sponji, bloa ya fundi simu inatosha, ili vitundu vyake vizibe. Paka gundi nyeupe ya mbao iliyopunguzwa kwa maji, mikono mitatu au minne, kila mmoja ukauke. Ukirukia rangi bila hatua hii, sponji itainywa na uso utabaki na vinyweleo ambavyo kamera itaviona. Rangi ya kupuliza usiiguse kabisa kwenye sponji nyeupe ya kufungashia televisheni: kiyeyushi chake kinaila.

Wengi hupaka fedha panga zima, likaonekana kitu cha kuchezea. Panga la shambani halifanani hivyo. Bapa lake ni jeusi lenye kutu, na kinachong'aa ni ukanda mwembamba tu pale tupa ilipopita. Anza na nyeusi, gusagusa kahawia kwa kipande cha sifongo kikavu, kisha weka fedha kwenye makali peke yake. Mlio wa chuma ataongeza mhariri.

Kwa damu, chemsha vikombe viwili vya sukari katika kikombe kimoja cha maji mpaka iyeyuke yote na kuwa nzito kidogo, kisha iache ipoe. Tia rangi nyekundu ya chakula, kijiko cha chai cha kakao iliyokorogwa kwanza na maji ili isifanye madonge, na tone moja la bluu. Kakao ndiyo siri yenyewe: bila hiyo damu inapitisha mwanga na kuonekana juisi. Ijaribu kwenye kitambaa kilekile, chini ya taa zilezile, kupitia kamera ileile, kwa sababu nyekundu nzuri machoni inaweza kugeuka waridi kwenye skrini. Tone la sabuni ya maji linaisaidia kusambaa kwenye nguo na kutoka kwa urahisi, lakini damu hiyo haiingii mdomoni. Weka chupa mbili, ya sabuni na isiyo na sabuni, zote na lebo. Rangi ya chakula huacha doa, hivyo shati la kupigwa risasi liwe na pacha wake wawili. Damu ya ng'ombe kutoka machinjioni usiilete lokesheni: inaoza upesi kwenye joto na inaweza kubeba maradhi kama brusela.

Pale Wakaliga, Kampala, timu ya mwongozaji filamu Isaac Nabwana imejulikana duniani kwa kondomu zilizojazwa damu bandia na kupasuliwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Njia hiyo ni rahisi na inafaa sana. Ukitaka damu inayoendelea kutoka, tumia bomba la sindano la mililita 60 na mpira wa dripu uliopita chini ya nguo. Damu nzito haipiti humo, ipunguze kwa maji. Ondoa hewa yote kwanza, vinginevyo itatema mapovu. Kitambaa kisugue kwa msasa kutoka ndani mpaka kibaki chembamba, ukikate msalaba mdogo, ukishikize kwa tone la gundi. Anayesukuma sindano ahesabu kwa sauti ili mwigizaji aanguke kwa wakati. Sauti hiyo itafutwa baadaye.

Risasi za ukutani hazihitaji baruti. Toboa jipsamu bodi, pitisha uzi wa samaki uliofungwa msumari mdogo, ziba kwa puti, paka rangi, kisha mwenzako auvute kutoka nyuma. Vumbi liwe udongo mkavu uliochekechwa. Saruji inaunguza macho na mapafu, na unga wa ngano ukitanda hewani karibu na moto unaweza kulipuka.

Kioo cha sukari: sukari sehemu mbili, maji moja, glukosi ya maji (ile nzito ya waokaji keki) moja, na matone ya limao ili isigande kwa chenga. Chemsha hadi nyuzi 150. Kama huna kipimajoto, dondosha tone kwenye maji baridi. Likikatika kwa mlio, tayari. Mwaga kwenye trei iliyopakwa mafuta, unene wa milimita 3. Ndoo ya maji baridi iwe pembeni, maana sukari hiyo hunata kwenye ngozi huku ikiunguza. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar unyevu utailainisha ndani ya saa chache, hivyo itengeneze asubuhi ya siku ya kupiga picha na uifungie kwenye ndoo yenye mfuniko. Vipande vyake bado hukata. Usimvunjie mtu usoni.

Bunduki iwe ya mbao, na moto wa mtutu uwekwe kwenye uhariri. Bunduki halisi haiingii lokesheni, hata ikisemekana ni tupu: Oktoba 2021, New Mexico, Marekani, mpiga picha za filamu Halyna Hutchins aliuawa na risasi halisi iliyokuwa ndani ya silaha ya kuigizia. Serikali ya mtaa na kituo cha polisi wajue siku, saa na mahali kabla hamjafika. Bunduki za mbao zisafirishwe ndani ya sanduku lililofungwa, na ashike mtu mmoja tu orodha yake: ngapi zimetoka, ngapi zimerudi.