Umeongeza Matiti, Sasa Nani Atakuna Nazi?

Wanaoniuliza kuhusu upasuaji wangu huanza na bei, wakaja kwenye maumivu, kisha mume alisemaje. Hajatokea hata mmoja aliyeuliza nani alikuwa akininyanyulia maji. Na kwa mwanamke wa Mombasa hilo ndilo swali lenyewe, kwa sababu kidonda cha chini ya titi ni kidogo, lakini kazi zetu zote ni za mikono, na mikono inategemea kifua.

Kipandikizi, yaani kile kifuko kinachotiwa ndani kuongeza titi, huwekwa ama juu ya msuli mkubwa wa kifua au chini yake. Vyangu viliwekwa chini. Msuli huo ndio unaofanya kazi kila unaposukuma mlango, unapojiinua kitandani, unapokanda unga wa mahamri. Ndiyo maana siku za mwanzo utashangaa: kutembea mpaka barazani huna shida, na kutembea huko kunatakiwa tangu siku ya kwanza ili damu isigande miguuni, lakini kifuniko cha chupa ya maji kinakushinda. Waliowekewa juu ya msuli kwa kawaida maumivu yao huwa mepesi zaidi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: mwambie mtu mmoja wa nyumbani. Wengi wetu tunalifanya jambo hili kwa siri. Unaaga kwamba una shughuli Nairobi, unarudi, unavaa buibui lako, haonekani aliyegundua kitu. Ndipo wifi anakupakatisha mtoto wake, mamamkwe anakuonyesha mbuzi na nazi za mchuzi wa samaki, na mwenye mkokoteni anashusha madumu ya maji mlangoni. Dumu la lita 20 ni kilo 20. Madaktari wengi hawataki uinue hata kilo tano kwa wiki nne hadi sita. Sasa utasema nini? Mimi nilimwambia mdogo wangu, na yeye ndiye aliyekuwa akiiwahi ile mbuzi kabla sijaitwa. Wengine waliambiwa nimepasuliwa na daktari amekataza kuinua vitu, basi. Si uongo, na watu wetu wengi wana haya ya kuuliza umepasuliwa wapi. (Jirani mmoja hana haya hiyo, lakini huyo hata harusini hahitaji kualikwa.)

Mwenye mtoto mdogo, usimnyanyue. Kaa kwenye kochi, yeye apande mwenyewe mapajani.

Kama umefanyiwa Nairobi, usikimbilie kurudi. Daktari atataka kukuona ndani ya wiki ya kwanza. Ukija kwa treni, kumbuka kule stesheni mizigo hupangwa chini inuswe na mbwa, kisha hunyanyuliwa kwenye mashine, na tena kupandishwa behewani. Begi lako libebwe na mtu mwingine, hata kama lina madera mawili tu. Hapa mjini, tuktuk kwenye barabara zenye mashimo ni adhabu, na matatu si ajabu makanga akakuvuta mkono upande haraka. Feri ya Likoni saa za asubuhi ndiyo ya kuogopwa zaidi: mlango ukishashuka, watu wanasukumana kwa vifua. Mimi nilivuka saa za mchana, watu wakiwa wachache, na nikiwaachia wenye haraka watangulie. Kuendesha gari ni mpaka uwe umeacha dawa kali za maumivu na unaweza kukata usukani ghafla bila kuguna, jambo ambalo kwa wengi huchukua wiki moja mpaka mbili. Kazi ya mezani ofisini pia hurudiwa karibu wakati huohuo. Kazi ya kusimama na kubeba isubiri.

Sasa mavazi, maana hapa ndipo kwetu kuna mambo yake. Buibui la kuvaa kichwani linakutaka unyanyue mikono yote miwili. Tafuta la vifungo mbele. Ushungi mwambie mtu akufunge. Nywele suka kabla ya kwenda hospitali. Na leso, shoga yangu, usiifunge kifuani! Ule mkunjo unabana palepale pasipotakiwa kubanwa. Ifunge kiunoni. Ndani utakaa na sidiria maalumu ya kushikilia, isiyo na waya, usiku na mchana kwa muda atakaosema daktari, mara nyingi wiki sita. Kwa joto letu hiyo ni kazi. Nunua zaidi ya moja, ubadilishe kila ikilowa jasho, la sivyo upele utakutoka chini ya titi karibu na mshono. Kama tarehe unaichagua mwenyewe, chagua Juni mpaka Agosti, kusi linapovuma. Kufanya hivi kaskazi la Januari ni kujitafutia.

Fundi wa kushona asikupime mapema. Mwanzoni matiti hukaa juu na huwa magumu, tena moja huweza kutangulia kushuka. Huchukua miezi mitatu hadi sita kutulia. Chuchu kufa ganzi au kuhisi kama umepigwa na umeme ni mishipa ya fahamu inarudi. Kwa wengi hupungua kadiri miezi inavyopita, ingawa wako wanaobaki na ganzi.

Kulala ni chali, mgongo umeinuliwa kwa mito, kwa wiki kadhaa. Kulala kifudifudi ndiko kunakuja mwisho.

Swala nilisali kitini, kwa sababu sijida inapeleka uzito kwenye mikono na kichwa kinashuka chini ya kifua. Muulize ustadhi unayemwamini. Kama upasuaji wenyewe unafaa au haufai ni mjadala mwingine, na siuingii leo.

Baharini usiingie mpaka mishono izibe kabisa na daktari aseme ndiyo. Kuna watakaokuambia maji ya chumvi hukausha kidonda. Kidonda kibichi na maji ya Nyali vinaweza kukuletea maambukizi, na maambukizi huweza kukulazimu kutolewa kipandikizi chenyewe. Liwa, habasoda na mafuta ya nyonyo viache kabatini. Sigara na shisha ziache wiki kadhaa kabla na baada, kwani nikotini hubana mishipa ya damu na kidonda hakiponi vizuri. Chakacha, mbio na mazoezi ya mikono mara nyingi hurudi baada ya wiki sita.

Titi moja likivimba ghafla na kuzidi mwenzake, wekundu ukisambaa, homa ikipanda au usaha ukitoka, piga simu hospitali siku hiyohiyo. Kifua kikibana ukakosa pumzi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda usiku huohuo.

Ukitoka hospitali dai kadi ya vipandikizi: aina, kampuni, ukubwa, namba. Iweke pamoja na kitambulisho chako. Mwaka 2019 kampuni ya Allergan iliondoa sokoni duniani kote vipandikizi vyake vya BIOCELL vyenye uso wa kukwaruza, kwa kuhusishwa na aina adimu ya saratani ya limfu. Asiye na kadi angejuaje kama vyake vimo? Vipandikizi si vya maisha. Kwa vile vya silikoni, mamlaka ya dawa ya Marekani hushauri kipimo cha ultrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya upasuaji, kisha kila miaka miwili au mitatu. Na siku ukienda kupimwa mamogramu, yaani eksirei ya matiti, mwambie mpiga picha kabla hujaingia kwenye mashine, maana kuna namna ya kusogeza kipandikizi nyuma ili nyama ya titi ionekane.