Umeshatema mate kwenye kichupa, sasa?

Wiki hii nimekusanya maswali yenu ya upimaji wa vinasaba. Naongea na watu wazima wasioumwa popote, waliopimwa kwa sababu kipimo kipo.

Nilipima nyumbani, hitilafu ya BRCA (jeni ambazo zikiharibika huongeza hatari ya saratani ya matiti) haikuonekana. Ina maana nimepona saratani ya matiti?

Hukuumwa, utaponaje? Kipimo cha 23andMe, kampuni inayopima vinasaba kwa mate, kilichoidhinishwa Marekani mwaka 2018 kilitazama hitilafu 3 tu za BRCA, zilizo nyingi kwa Wayahudi wa Ashkenazi, wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki. Zinazojulikana zinapita 1,000. Isitoshe, saratani nyingi za matiti hazitokani na jeni ya kurithi. Kachunguzwe kama kawaida.

Nimeambiwa nimebeba jeni moja ya selimundu. Nitaishi miaka mingapi?

Swali hili tena! Kubeba jeni moja si kuugua. Miaka ya 1970 Marekani ilipima watu weusi kwa wingi bila kuwaelewesha tofauti hiyo. Watu wazima wa afya wakaonekana wagonjwa, wengine wakanyimwa kazi na bima, na chuo cha jeshi la anga kikaendelea kuwakataa hadi 1981. Ndiyo maana nachukia kampeni zinazogawa majibu bila mshauri.

Nikijua vinasaba vyangu vina hatari ya ugonjwa, nitaacha sigara?

Tafiti zilizojumlishwa mwaka 2016 zinasema hapana. Acha tu.

Nina hitilafu ya BRCA2, mojawapo ya jeni za BRCA. Dada yangu hatusemezani tangu mazishi ya baba. Lazima ajue?

Ajue. Uwezekano wa yeye kuwa nayo ni nusu kwa nusu, na huenda mliirithi kwa huyo huyo baba. Wanaume nao hubeba. Kati ya wanawake 10 wenye hitilafu hiyo, karibu 7 hupata saratani ya matiti kabla ya miaka 80. Kama huwezi kumpigia, toa nakala ya majibu yako, ule ukurasa wenye herufi na namba za hitilafu, maana maabara itatafuta hiyo hiyo badala ya kuanza upya. Weka simu ya kliniki, mpe shangazi apeleke. Ugomvi wa mirathi usiuandike humo. Akishapokea, usimfuatefuate: kupima au kutopima ni uamuzi wake. Na wanao wadogo waache wakue kwanza, wataamua wenyewe.

Majibu mabaya si yatanitia wazimu?

Wengi hutulia. Utafiti wa REVEAL, uliotoka 2009, uliwaeleza watoto wazima wa wagonjwa wa Alzheimer, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, aina yao ya jeni ya APOE inayohusiana na hatari ya ugonjwa huo, na kwa jumla hawakuzidi wenzao wasioambiwa kwa wasiwasi wala sonona. Ila walikaa na mshauri, na wenye sonona kali hawakuandikishwa tangu mwanzo. Wewe unafungulia barua pepe kitandani saa sita usiku.

Kampuni imeahidi kutunza siri yangu. Niiamini?

Mwaka 2023 wadukuzi walichota taarifa za wateja wa 23andMe wapatao milioni 6.9. Machi 2025 ikaomba ulinzi wa mufilisi. Halafu soma sheria ya bima ya nchi yako kabla ya kutema mate: ile ya Marekani ya 2008 inabana bima ya afya na waajiri, bima ya maisha haigusi.

Nimeandikiwa "hitilafu ya maana isiyojulikana". Nikatwe matiti?

Usimsogelee mpasuaji kwa karatasi hiyo. Nyingi baadaye huonekana hazina neno. Waulize maabara tena baada ya mwaka mmoja au miwili.