Mwanangu, kuhusu ile pawaso

Kigumba, Jumapili jioni

Mwanangu,

Ujumbe wako alinisomea mdogo wako, kisha nikavaa miwani nikausoma mwenyewe. Unasema upepo umeangusha mikaratusi mitatu kwenye kiwanja chako huko Hoima, kuni zimelala bure, na fundi wa kukata anataka hela isiyosemeka. Unauliza ununue pawaso ipi, huo msumeno wa injini wa kukatia miti: ile Stihl ndogo, MS 180, au ile ya injini ya cc 58 yenye jina lisilosomeka, ambayo ni kubwa lakini bei yake iko chini.

Kwanza nikuulize mimi. Tupa ya kunolea mnyororo unajua kuishika?

Chombo usichokijua si chako, ni cha fundi, wewe unakitunzia tu. Najua mnacheka nikisema hivyo, lakini nitasema. Mnyororo wa pawaso ukigusa mchanga mara moja, ukali umekwisha. Ukiwa mkali zinaruka chenga nene. Ukiwa butu unatoka vumbi kama unga wa posho, nawe unaanza kukandamiza, mti unafuka moshi, mikono inakufa ganzi. Hapo cc 58 zitakusaidia nini? Unakumbuka baba yako alivyokuwa akikaa kwenye kizingiti cha jiko, mashine katikati ya magoti, tupa mkononi. Jino moja, mara tatu, kusukuma mbele tu, bila kuivuta kurudi. Akimaliza meno ya upande huu anageuza mashine aanze ya upande wa pili. Mlikuwa mnamhesabia.

Lakini naye, Mungu amrehemu, alinunua kubwa. Cc 72! Ilizidi kilo 6 kabla hujaitia petroli wala kuifunga upanga, lile bapa la chuma linalozungukwa na mnyororo. Mimi nilimwambia, mume wangu, sisi tunataka kuni za kupikia, hatuendi kuvuna msitu wa Budongo. Akasema mashine ndogo ni ya kupogoa maua. Nadhani alitaka isikike mpaka kwenye lami. Ilisikika siku mbili. Siku ya tatu mgongo ukamkatalia, tukaanza kumlipa kijana wa kuishika. Sasa hapo ilikuwa yetu au ya kijana?

Ila nisimwonee marehemu. Ile ile kubwa ndiyo iliyopasua mbao za ule mfenesi mkubwa, na mbao zile ndizo ada yako ya kidato cha pili. Kwa mbao alikuwa sawa. Kwa kuni, hapana. Au tuseme kwa kuni za mti mnene... basi, naanza tena, na yeye hayupo wa kunijibu.

Nilitaka kukuambia jambo la jerikeni. Ninyi mnajua tu kwamba jirani yetu wa ng'ambo ya barabara aliiua mashine ya baba. Ndivyo tulivyosema nyumbani miaka yote. Jioni ile mwembe ulianguka ukaziba njia, akaja mbio kuazima. Baba yako alikuwa msikitini. Nilimtolea mashine, nikamtolea na jerikeni kutoka nyuma ya mlango wa jiko. Zilikuwa mbili, za bluu zote, lita 5 kila moja. Moja ya bodaboda, petroli tupu, kwa sababu pikipiki ina oili yake ndani ya injini. Nyingine ya pawaso, iliyochanganywa, maana pawaso haina oili nyingine ya kulainisha pistoni ila ile iliyomo kwenye petroli. Ingekuwa mchana ningeimimina kidogo niione rangi, ile iliyochanganywa huwa na rangi ya oili. Giza lilikuwa limeingia, nami nilikuwa na chungu motoni.

Nilikuwa namsikia akikata. Kama robo saa hivi. Halafu sauti ikapanda, ikawa nyembamba kama mbu sikioni, ikakatika. Kamba ya kuwashia haikuvutika tena. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda.

Jirani aliapa kwamba hakuongeza kitu. Hakuna aliyemuuliza mimi nilimpa nini. Baba yako hakumdai hata senti, lakini kesho yake asubuhi nilimkuta jikoni na kopo la rangi, anaichora jerikeni moja mstari mwekundu. Hakusema neno, wala mimi sikusema. Miaka mitatu mfululizo, kila Idi, jirani alituletea jogoo. Nilimpika. Mlimla. Baba yako siku hizo alikuwa anasema tumbo linamsumbua.

Kwa hiyo unaona swali lako linanipeleka wapi. Ipi ununue, sisemi, hela ni yako na mgongo ni wako. Ningekuwa mimi... hapana, sisemi. Lakini miti mitatu kwa ile ndogo, yenye upanga wa sentimita 35, ni kazi ya Jumamosi mbili au tatu, na wewe mgongo umerithi wa baba yako. Oili ni mililita 20 kwa lita moja ya petroli, yaani 100 kwa jerikeni ya lita 5. Hizo za bei ya chini nyingi hutaka mara mbili ya hapo, ukiichukua soma kitabu chake. Usikate kwa ncha ya upanga, inarusha mashine usoni. Dukani mwambie muuzaji akuonyeshe breki ya mnyororo ikifanya kazi, asikuelezee kwa mdomo. Na mkaratusi upasue ukiwa mbichi, ukikauka utailaani shoka.

Tupa ya baba yako ipo, nimeifunga kwenye gazeti, nitampa dada yako akija huko.

Juzi jirani aliniuliza habari zako. Nikamwambia unanunua pawaso. Akatazama chini, akasema, "Mwambie asisahau kuchanganya oili." Nikamwambia nitamwambia.

Basi, nimekuambia.

Mama yako