Maswali na Majibu: Kuubashiri Wimbo Namba Moja

Barua nyingi za safari hii zinahusu masoko ya ubashiri ya Kalshi na Polymarket, yaani mitandao ambako watu hununua na kuuza mikataba juu ya jambo litakalotokea, hasa mikataba ya wimbo utakaoongoza chati. Nimechagua zile zenye kuwafaa wengi.

Mkataba wa wimbo mmoja unauzwa senti 62. Niisome vipi bei hiyo?

Mkataba hulipa dola 1 ukitimia na haulipi kitu usipotimia. Kwa hiyo wanunuzi wanaupa wimbo huo nafasi ya takriban asilimia 62. Itazame na bei ya kuuzia, kwani ikiwa ni senti 55, umeshapungukiwa senti 7 papo hapo.

Wimbo wangu ulikuwa namba moja Spotify, nimeuona kwa macho yangu, lakini nimehesabiwa nimeshindwa. Je, si dhuluma hii?

Si dhuluma, hukusoma masharti. Swali hili haliishi kuletwa, na karibu kila anayelileta alitazama bei na picha ya msanii akaishia hapo. Spotify ina chati ya dunia na chati ya kila nchi, ina ya siku na ya wiki, na wiki yake huanza Ijumaa na kuishia Alhamisi. Chati ya siku hutolewa kesho yake, hivyo tarehe iliyoandikwa juu yake si ile unayoisoma. Zaidi ya hayo, hesabu ya chati hupitishwa kwenye kanuni ya kuchuja usikilizaji wa bandia, kwa hiyo namba uliyoiona chini ya wimbo katika programu yako si lazima iwe ndiyo inayopanga nafasi. Tena wapo wanaonunua mkataba wa Billboard Hot 100, chati ya nyimbo ya Marekani, wakikodolea macho Spotify peke yake, ilhali chati hiyo hujumlisha pia redio na mauzo. Soma kwanza mkataba umetaja chati ipi, ya nchi gani na ya tarehe gani; bei itakungoja.

Nikiucheza wimbo usiku kucha kwa simu kadhaa, nitaupandisha?

Hapana, utaishia kulipia umeme.

Je, wapo wanaojua matokeo kabla yetu?

Wapo, na ningependa kuulizwa hili mara nyingi kuliko yale ya senti. Wimbo mpya unapotoka, msanii na watu wake huona idadi ya wasikilizaji ikipanda moja kwa moja katika siku za mwanzo, wakati wewe unasubiri chati ya kesho. Kampuni ya muziki inajua pia kama Alhamisi utatoka mrudio (remix) wenye msanii wa pili, au kama bei ya kuununua wimbo itashushwa. Masharti yanawakataza wenye habari za ndani kufanya biashara hiyo, lakini binamu wa mpiga kinanda hana kitambulisho kinachomtambulisha hivyo. Marekani ililiona tatizo hili upande wa sinema: mwaka 2010 CFTC, tume ya serikali inayosimamia masoko ya mikataba ya namna hii, iliidhinisha mikataba ya mapato ya filamu, studio za Hollywood zikalalamika, na Bunge likaipiga marufuku mwaka huohuo katika sheria ya fedha iitwayo Dodd-Frank. Kabla ya hapo zao lililopigwa marufuku kuuzwa kwa mikataba ya bei ya baadaye lilikuwa kitunguu, mwaka 1958. Nyimbo hazikutajwa, nami sioni ni kwa vipi namba za wimbo ni ngumu kuchezewa kuliko tiketi za filamu.

Krismasi ikikaribia, wimbo wa Mariah Carey, “All I Want for Christmas Is You”, si fedha ya bure?

Wimbo huo wa 1994 ulifika kileleni mwa Hot 100 kwa mara ya kwanza Desemba 2019, na tangu hapo hakuna asiyeutazamia. Ukiununua kwa senti 95 unafukuzia senti 5. Ukikosea mara moja, utahitaji kupatia mara 19 ili urudi ulipokuwa, bila kuhesabu ada.

Nchi niliyopo haikubaliwi na Polymarket. Nitumie VPN, programu ya kuficha nchi niliyopo?

Usitumie. Januari 2022 kampuni hiyo ilitozwa na CFTC dola milioni 1.4 kwa kuendesha soko bila usajili, kwa hiyo ina sababu ya kuwachunguza wateja wake. Na fedha zako zikizuiliwa siku uliyoshinda, hutakuwa na ofisi ya kwenda kulalamikia.