Mchora katuni wa Kampala anajibu: hela, wino, Nasser Road na kitabu cha reli

Jamani toka nioneshe zile kurasa za mwanzo za kitabu changu kipya cha katuni, hadithi ya watu wa reli, maswali yamekuja mengi sana, ya kuandika na ya sauti, toka Arua mpaka Busia, na wengine wananisimamisha hapa mjini kabisa. Nimechukua yale yanayorudi rudi niyajibu hapa pamoja.

Kijana wa Bwaise: Kaka, siku yako ya kazi inakuwaje, unaamka tu unachora?

Kuchora kwenyewe ni kama nusu ya kazi, ndugu yangu. Naanza na skripti, hata kama hadithi nimeandika mwenyewe, naigawa ukurasa kwa ukurasa, hapa paneli nne (vile visanduku vya picha), hapa sita, hapa moja kubwa inayokula ukurasa mzima, afu nachora vimichoro vidogo vya haraka haraka kuona kama jicho linatembea vizuri, maana msomaji asipojua paneli gani inafuata hata uchore kwa uzuri wa namna gani kitabu atakiweka chini. Hapo ndo nakaa muda mrefu kuliko kwingine na ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Baada ya hapo penseli, wino, skana, rangi, mwisho maneno. Lakini nafasi ya viputo vya maneno naitenga mapema, kwenye penseli kabisa, kwa sababu Kiswahili kina vitenzi virefu na kiputo chembamba kitakulazimisha ukate neno katikati, inachosha macho vibaya.

Wino naupiga asubuhi, mkono ukiwa bado umetulia na simu imezimwa. Mchana ni wateja, ankara, kukimbizana mjini na boda. Usiku nafanya rangi kama umeme upo, usipokuwepo narudi kwenye karatasi, ndo maana sijaacha karatasi mpaka leo.

Mama mmoja, Mbale: Kijana wangu yuko senior tatu anachora mpaka kwenye daftari la hesabu, nimkataze?

Shikamoo mama. Usimkataze, mnunulie daftari lisilo na mistari ili la hesabu lipumzike, na hesabu asiiache, atakuja kuihitaji kupima umbali na ukubwa wa vitu kwenye picha na kupiga bei ya kazi zake. Chuo kipo, Makerere ina shule ya sanaa aliyoianzisha Margaret Trowell mwaka 1937 na hadi leo ina jina lake, atajifunza mwili wa binadamu, rangi, uchapaji. Ila katuni yenyewe, yaani kusimulia kwa picha zinazofuatana, hiyo ataijenga mezani kwake kwa kuchora kila siku.

Na mama, mwambie achore anachokiona. Vijana wengi wananitumia kazi nzuri sana lakini barabara ni ya Tokyo, nyumba ni ya New York, hakuna boda hata moja! Mbale ina ule mlima wa Wanale umesimama juu ya mji, maporomoko yanashuka, sokoni kuna wamama wamekaa na mafungu ya nyanya, mtoto aliyekulia hapo ana vitu ambavyo hakuna mchoraji wa nje atavichora vizuri kumshinda. Achore mikono pia. Mikono mingi, ya watu wa kila rika.

Msomaji wa Jinja: Sema ukweli, katuni inalipa?

Inalipa, ila siyo ile unayoifikiria. Kinachonilipia kodi ya nyumba sa hizi ni kazi za oda. Mashirika yanataka kijitabu cha malaria, cha chanjo, cha ukimwi, cha mizozo ya ardhi, kurasa 8 au 16, na hiyo kazi naiheshimu sana, kuna watoto kijijini kile kijitabu cha neti ya mbu ndo hadithi yao ya kwanza ya picha kushika mkononi, kwa hiyo sikichori kizembe, mhusika lazima awe mtu, awe na hasira zake na mapenzi yake, siyo spika ya kusomea ujumbe.

Kwenye hela: piga bei kwa ukurasa siyo kwa kijitabu kizima, maana wakiongeza kurasa nne katikati ya safari utakuwa unafanya bure. Andika marekebisho ya bure ni mara ngapi. Chukua sehemu ya hela kabla hujagusa penseli. Na kama ankara inazidi shilingi milioni moja, wateja wakubwa walioteuliwa na URA, mamlaka ya mapato, watakukata asilimia 6 ya kodi kabla ya kulipa, usipaniki, ila dai hati ya makato yako kwa sababu hiyo hela inahesabiwa kwenye kodi yako ya mwaka, vijana wengi wanaiacha hivi hivi.

Mwanafunzi wa Makerere: Nikichorea shirika, mhusika anabaki wangu au wao?

Hili swali lingekuwa la kwanza kama ningepanga kwa umuhimu. Sheria ya Hakimiliki ya Uganda ya 2006 inamlinda mwenye kazi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na haki inaanza pale tu mchoro unapokuwepo kwenye karatasi au kwenye faili, kwenda kuuandikisha URSB, ile ofisi ya serikali ya usajili, ni kupata ushahidi. Sasa sikiliza vizuri: sheria hiyo hiyo inasema kazi uliyoichora ukiwa umeajiriwa, au uliyoagizwa na mtu, hakimiliki inakwenda kwa mwajiri au kwa huyo aliyeagiza, isipokuwa kama mkataba umesema vingine. Yaani ukikaa kimya mhusika si wako tena.

Rafiki yangu mmoja alimbuni msichana mdogo mwenye baiskeli kwa ajili ya kijitabu cha maji safi, watoto wakampenda mno, mteja akamweka kwenye mabango na fulana, na rafiki yangu hakupata hata shilingi moja ya ziada wala hawezi leo kumwandikia yule msichana hadithi nyingine. Iliniuma kama ni mimi. Kwa hiyo kabla ya kusaini omba sentensi moja tu, hakimiliki inabaki kwa mchoraji na mteja anapewa ruhusa ya kuchapa kijitabu hiki kwa matumizi haya kwa muda huu. Wengine watakubali bila shida, wengine watakataa, basi wakikataa bei ipande, kwa sababu unawauzia mhusika mwenyewe siyo kurasa tu. Na mhusika unayempenda sana usimtumie kwenye kazi ya oda kabisa, mfiche kwa ajili ya kitabu chako.

Msomaji wa Arua: Unatumia vifaa gani?

Karatasi nzito ya A3, penseli, wino mweusi na brashi ndogo, skana, afu rangi kwenye kompyuta na tableti ya kuchorea ya kawaida. Programu anza na Krita, ni ya bure na inafanya kazi ya kweli. Mistari myeusi skani kwa dpi 600, yaani nukta 600 kwa kila inchi, usishuke.

Dada wa Ntinda: Kwa nini unachapa Nasser Road, ule mtaa wa wachapaji hapa Kampala, wengine si wanapeleka nje?

Kwa sababu naweza kusimama pembeni ya mashine, dada yangu. Shiti la kwanza likitoka naliona, nikiona uso umekuwa mwekundu kupita kiasi namwambia fundi hapo hapo na anapunguza, na mafundi wa Nasser Road wanajua wino kuliko watu wanavyowapa sifa. Ila uende umejiandaa. Kurasa zihesabike kwa nne, maana shiti likikunjwa linatoa kurasa nne na ukienda na 30 utaachiwa mbili tupu. Picha ipitilize milimita 3 nje ya ukingo ili kisu kikikata kisikuachie mstari mweupe. Rangi geuza CMYK, ule mfumo wa wino nne za mashine, mapema wewe mwenyewe, ile kijani kali inayong'aa kwenye skrini haipo kwenye wino, afadhali uikose ukiwa nyumbani kuliko kuikosa mashineni. Na maneno yawe meusi matupu ya wino mmoja, ukichanganya wino nne kwenye herufi ndogo pleti (yale mabati ya kuchapia, kila wino na lake) zikihama kidogo tu herufi zinakuwa na kivuli na msomaji anaumwa kichwa. Nakala chache chapa dijitali, nyingi ndo uende ofseti, ile mashine ya pleti, kwa sababu gharama ya pleti inagawanyika.

Bwana mmoja wa Masaka: Waganda hawasomi Kiswahili, kwa nini usichore kwa Luganda au Kiingereza?

Mzee, kwa heshima zote, nenda Busia siku ya soko, nenda Bombo, nenda Arua, nenda kambi zozote za jeshi, afu urudi useme hawakisomi. Katiba ilishakifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na Julai 2022 baraza la mawaziri likapitisha kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Watoto watapewa vitabu vya sarufi, sawa, lakini mtoto anaipenda lugha kupitia hadithi, na hadithi za picha za kwetu kwa Kiswahili ni chache mno. Na kitabu kimoja hicho hicho kinasomeka Kisumu, Mwanza, Goma na Bukavu bila kubadilisha kiputo hata kimoja. Luganda naipenda na ipo humo ndani, wahusika wangu wanaichanganya vile watu wa Kampala wanavyoongea.

Wengi: Hicho kitabu cha reli ni nini hasa?

Haya, hapa nitachukua nafasi.

Ni hadithi ya binti wa fayamani, yule mchochea moto wa garimoshi, anakulia kwenye kwota za reli, zile nyumba za wafanyakazi, Tororo, halafu Nsambya hapa Kampala. Inaanzia katikati ya miaka ya 50 inaishia 1977, pale Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na shirika la reli la pamoja likagawanywa, na watu waliokuwa wanakaa mlango kwa mlango ghafla wakawa wa nchi tatu. Baba yake ana rafiki wa Kisumu waliofanya kazi pamoja toka ujana, na kinachonivuta ni hao wawili, wanagawanaje vyombo, picha, deni la zamani. Kiswahili ndo lugha yao ya kazi na ya nyumbani, nisingeweza kuiandika kwa lugha nyingine.

Kuna kurasa za nyuma zaidi pia, babu anasimulia reli ilivyoanza Mombasa 1896 ikafika ziwani Kisumu Desemba 1901, inaitwa Reli ya Uganda na Uganda ya leo haijafika, unashuka unapanda meli. Treni ya kutoka Mombasa kufika Kampala bila kupanda meli ni 1931, kupitia daraja la Jinja juu ya Nile. Hiyo miaka 30 ya kusubiri nimeipa ukurasa mmoja usio na maneno.

Mashine ndo zinanikeshesha. Zile Garratt kubwa za klasi ya 59, garimoshi za mvuke, zilijengwa Manchester kwa Beyer Peacock, 1955 na 1956, zilikuwa 34, kila moja tani kama 252 na zilipewa majina ya milima yetu. Ziko mbili kwenye makumbusho ya reli Nairobi, nimekaa chini yake na daftari nikichora magurudumu na mabomba moja moja. Sasa zile zilikuwa nzito, kazi yao ilikuwa Mombasa na Nairobi, kwa hiyo siwezi kuipitisha moja juu ya daraja la Jinja eti kwa sababu inapendeza, wazee wa reli bado wapo na wataona mara moja. Upande wa Uganda nachora mashine nyepesi zaidi na zile kubwa binti anaziona siku baba anapompeleka Nairobi, mara moja tu, paneli inakula kurasa mbili zilizofunguka.

Kinatoka lini, na tunasaidiaje?

Kitatoka kwa sehemu, siyo chote kwa mpigo, ili bei iwe ya mwanafunzi. Sehemu ya kwanza wino umeisha, nipo kwenye rangi, na tarehe nitaitaja siku nikiwa nimeshika shiti la kwanza lililochapwa. Baada ya hapo nina kitabu kifupi cha watoto cha wavuvi wa Ziwa Albert, skripti tayari, na hicho naomba nikifanye rangi ya maji kwa mkono.

Kusaidia ni hivi: kama babu au bibi yako alikaa kwota za reli, Tororo, Jinja, Nsambya au Nalukolongo, angalia kwenye albamu. Natafuta picha za ndani ya nyumba, jikoni, kabati, redio ilikaa wapi, na natafuta mtu anayekumbuka vizuri sare za mafayamani, koti lilikuwa rangi gani na vifungo vilikuwa vingapi, kwa sababu picha zote nilizonazo ni nyeusi na nyeupe na hizo kurasa ndo zinafuata kutiwa rangi.