Samoni Mnene Anapokufa Ghafla: Ushauri kwa Wafanyakazi wa Vizimbani

Kwetu sisi tunaofuga samoni katika pwani ya Norwei, hakuna kifo kinachouma kama cha samaki aliyekaribia kuvunwa. Amenona, jana alikuwa akila vizuri, leo anaokotwa kwenye kitako cha wavu. Mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa moyo unaoletwa na PMCV, virusi vinavyoharibu misuli ya moyo wa samoni. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza hapa Norwei mwaka 1985, lakini virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka 2010.

Ninawasihi wenzangu wasitosheke na kuhesabu mizoga, bali waipasue ingali mibichi. Mimi huanzia nyuma ya matamvua. Mara nyingi nikikata utando unaozunguka moyo hukuta umejaa damu iliyoganda, na chini yake kile chumba chembamba kinachopokea damu kimetuna au kimepasuka. Virusi hivi hushambulia kwanza tabaka la ndani la moyo, lile lenye matundu kama sifongo, na ukuta ukishalegea hauwezi tena kuhimili msukumo wa damu.

Tusiuchanganye ugonjwa huu na uvimbe wa moyo na misuli, uliotambuliwa mwaka 1999. Huo unahusishwa na virusi vya PRV, ambavyo huzaliana ndani ya chembe nyekundu za damu, na kwa kawaida huwapata samaki mapema zaidi, miezi michache baada ya kuingizwa baharini. Samaki wengi hubeba PRV bila kuugua, kwa hiyo majibu ya maabara yanayoonyesha kuwapo kwa virusi hayatoshi. Daktari wa mifugo anahitaji kipande cha moyo akitazame kwa hadubini.

Ushauri ninaoupa uzito kuliko mwingine wote unahusu chawa wa samoni, vidudu vya baharini vinavyojibandika kwenye ngozi ya samaki. Sheria inataka wastani wa chawa jike waliokomaa usifike 0.5 kwa kila samaki, na majira ya machipuko kiwango hushushwa hadi 0.2, kwa hiyo ili kuwaondoa chawa tunalazimika kuwasonga samaki pamoja, kuwavuta kwa pampu na kuwapitisha kwenye maji ya uvuguvugu au mashine za kusafisha. Samaki mwenye moyo mzima hustahimili hayo. Mwenye moyo ulioharibiwa na virusi anaweza kufa papo hapo au siku chache baadaye. Kwa hiyo sampuli za moyo zichukuliwe kabla ya meli ya kuondoa chawa kuitwa, na ikibainika kwamba moyo umeathirika sana, kwa maoni yangu ni heri kuvuna mapema, hata kama uzito haujatimia, kuliko kuwatesa samaki ambao hawatapona.

Kwa kuwa moyo ulioharibika hauna dawa, kinga huanza kabla ya samaki kufika. Nunueni vifaranga waliotokana na mayai ya ukoo uliochaguliwa kwa uwezo wake wa kuhimili PMCV. Msichanganye vizazi viwili katika eneo moja, na kila baada ya mavuno liacheni tupu kwa miezi miwili inayotakiwa na sheria, au zaidi. Mizoga iondolewe kila siku. Mabuti, nyavu na boti visihamishwe kutoka shamba moja hadi jingine kabla ya kuoshwa na kuuliwa viini, hata jirani akiomba kwa haraka.